Nimebaki kazini, wenzangu wamepunguzwa. Mnaofanya kazi kampuni kubwa za uwekezaji njooni tuongee

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara kama nne hivi, leo nimeamua niuweke tu maana naona nikiendelea kukaa nayo haya mambo kichwani nitaugua.

Mimi niko kampuni kubwa ya uwekezaji, zile zinazosimamia mifuko ya pensheni na hela za watu binafsi, jina sitalitaja na naomba msianze kubahatisha. Nina miaka tisa pale. Siko upande wa wale wanaochagua hisa gani inunuliwe, niko operesheni, yani sisi ndo tunahakikisha kilichonunuliwa kimelipiwa, kimeingia kwenye akaunti ya mfuko, gawio limepokelewa lote, na kila jioni thamani ya kipande (yani sehemu moja ya mfuko anayomiliki mwekezaji) inayotoka kwenda kwa wawekezaji iko sahihi mpaka senti.

Ndani ya mwaka mmoja na nusu tumepunguzwa mara mbili. Timu yetu tulikuwa kumi na wanne. Awamu ya kwanza wakatoka watatu, awamu ya pili wawili, halafu ndani ya miezi minne wengine wawili wakaandika barua wenyewe wakaondoka. Sa hivi tuko saba. Mifuko ni ile ile, ripoti ni zile zile, na muda umepungua, maana tangu tarehe 28 Mei 2024 soko la Marekani limehama kutoka siku mbili za kukamilisha malipo ya hisa kwenda siku moja. Zamani mwamala ukiwa na kasoro ulikuwa na siku nzima ya kuukimbiza, sasa hivi ukilala nao umeshachelewa. Kwahiyo watu nusu, muda nusu, na kila robo mwaka tunaambiwa kwenye kikao cha kampuni nzima kwamba tuko imara kuliko wakati wowote.

Sijaja kulia kwamba kazi ni nyingi. Kazi nyingi naijua, mwaka 2020 soko lilipoanguka mwezi wa tatu tulifanya kazi usiku na mchana wiki kadhaa na tukatoka tukiwa tunapendana. Safari hii ni kitu kingine na ndo nataka tukiongelee.

Kwanza nieleze kwanini haya yanatokea maana naona watu wengi humu wakisikia kampuni inasimamia matrilioni wanashangaa inapunguzaje watu. Pesa inayosimamiwa sio ya kampuni, ni ya wateja. Kampuni inakula ada tu, asilimia ndogo ya hiyo pesa. Chukua kampuni inayosimamia dola bilioni 100 na inatoza asilimia 0.40 kwa mwaka, hiyo ni milioni 400. Soko likishuka asilimia 20 zinabaki bilioni 80, ada inakuwa milioni 320, yani milioni 80 zimeyeyuka na hakuna hata mteja mmoja aliyeondoka na mishahara haijapungua hata senti. Ndo kilichotokea 2022, faharisi ya S&P 500, yani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, ilishuka kama asilimia 19, na hati fungani ambazo siku zote ndo huwa kimbilio nazo zikaanguka pamoja nayo kwa sababu benki kuu ya Marekani ilikuwa inapandisha riba kwa kasi, kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 mpaka kuvuka asilimia 5 katikati ya 2023.

Halafu kuna ada zenyewe. Tangu kampuni ya Marekani ya Vanguard walipoleta mfuko wa faharisi kwa watu wa kawaida mwaka 1976, yani mfuko unaofuata tu hisa zilizo kwenye faharisi bila mtu wa kuzichagua, ada zimekuwa zikishuka tu, mpaka 2018 washindani wao Fidelity wakatoa mifuko ya faharisi isiyo na ada ya usimamizi kabisa. Mteja anafaidika na mimi sina ugomvi na hilo, hela ni yake. Ila mfuko wa asilimia 0.04 unahitaji watu wa operesheni karibu wale wale wa mfuko wa asilimia 0.40, na gharama kubwa kwenye hizi kampuni ni watu, kwahiyo hesabu ikibana kinachokatwa kinajulikana.

Na sio lazima kampuni iwe na hali mbaya. Goldman Sachs, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, Januari 2023 waliondoa watu kama 3,200. BlackRock, kampuni kubwa kuliko zote duniani ya kusimamia uwekezaji, Januari 2024 wakatangaza kupunguza kama asilimia 3 ya wafanyakazi, kama watu 600, na wiki hiyo hiyo wakatoa hesabu zinazoonyesha wanasimamia zaidi ya dola trilioni 10, na wakawaambia wafanyakazi kwamba wanatarajia mwisho wa mwaka huo watakuwa wengi kuliko mwanzo. Kwahiyo mtu anatolewa mlango huu na mwingine anaajiriwa mlango ule. Nasema hivi kwa sababu wengi tuliobaki tulijifariji kwamba kampuni ikipata faida tuko salama. Haiko hivyo.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Awamu ya pili ilivyokuwa. Asubuhi mtu anapata mwaliko wa mtingi wa dakika kumi na tano hauna kichwa cha habari. Awamu ya kwanza ilishatufundisha maana ya huo mwaliko. Tulikaa kila mtu anaangalia kalenda yake, hakuna aliyekuwa anafanya kazi, mwenzangu wa kushoto mikono inatetemeka. Mwaliko ukaenda kwa dada mmoja tuliyekaa naye meza moja miaka sita. Akaniangalia, akasimama, akaenda kwenye kile chumba. Hakurudi. Laptopu ilifungwa akiwa bado ndani, jina lake kwenye mfumo wa meseji likawa kijivu, koti lake likabaki kwenye kiti mpaka jioni alipokuja mtu wa ulinzi na boksi.

Mchana ule ule kiongozi wetu akatuita, akasema ilikuwa siku ngumu, kampuni inawashukuru walioondoka, na sasa tuelekeze macho mbele. Dakika nane. Hakutaja jina hata moja. Mtu mmoja akauliza walichaguliwaje, akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya siri ya wahusika. Tangu siku ile yale majina hayajawahi kutajwa kwenye kikao chochote, kama vile hao watu hawakuwahi kuwepo.

Wakuu mimi hicho ndo kinanila. Yule dada hakuwa mzembe. Tathmini zake zilikuwa juu kuliko zangu, aliniambia mwenyewe na mimi nilimuona kazini kila siku. Sasa kama yeye ametoka na mimi nimebaki na hakuna anayeniambia sababu, nitajuaje nifanye nini ili nisitoke mimi? Nijitume zaidi? Yeye alijituma. Ninyamaze? Yeye alikuwa mkimya. Matokeo yake watu wote tuliobaki tumekuwa waoga kwa namna ya ajabu, mtu hasemi kosa, mtu hakubali kufundisha mwenzake anachokijua maana anaona hicho ndo kinamuweka, mtu anatuma imeili saa tano usiku ionekane alikuwa macho.

Na kuna hatari ambayo wateja hawaioni. Kwenye kazi yetu kuna kanuni moja ya msingi, mmoja anaandaa na mwingine anakagua. Sasa mkaguzi naye ana kazi yake ya kuandaa, kwahiyo anafungua, anaangalia jumla, anabonyeza kuidhinisha, dakika mbili. Na kampuni nyingi za fedha zina sheria ya likizo ya wiki mbili mfululizo bila kugusa mfumo, sio kwa kumpenda mfanyakazi tu, ni ili kama kuna mtu anaficha kitu kionekane akiwa hayupo. Kwetu mwaka huu watu wanne wameahirishiwa hiyo likizo kwa sababu hakuna wa kushika nafasi.

Mwisho wa mwezi wa kwanza baada ya yule dada kuondoka hesabu za mfuko mmoja zikagoma. Rekodi zetu na za benki inayotunza mali za mfuko zinapishana kwenye kodi inayokatwa kwenye magawio ya nje. Tukatafuta saa sita. Kumbe ile benki faili lake la kodi huwa linakuja na alama ya kutoa ikiwa imegeuzwa kuwa ya kujumlisha kwa nchi mbili fulani, na yeye kila mwisho wa mwezi alikuwa analirekebisha kwa mkono. Haikuandikwa popote. Aliyetengeneza orodha ya kupunguza watu hakuijua, hata mimi niliyekaa naye sikuijua. Usiku ule mmoja wetu akasema tumpigie simu, tukaambiwa hairuhusiwi, sio mfanyakazi tena. Mtu aliyeambiwa nafasi yake haihitajiki ndo pekee tuliyekuwa tunamuhitaji.

Naomba mnaofanya kazi sehemu kama hizi mseme kwenu ikoje. Waliobaki, waliotoka, hata mameneja.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta uzi pole, ila ngoja nikuongelee kutoka upande wa pili. Mimi ni yule dada. Sio yeye mwenyewe, kampuni yangu ni nyingine, ila hata mimi koti lilibaki.

Miaka kumi na mbili nilikaa pale. Kilichoniuma sio kutolewa, nilishaona dalili, bajeti ya mafunzo ilifutwa, mameneja wakaanza kuomba kila mtu aandike majukumu yake "kwa ajili ya kumbukumbu", nafasi za walioondoka hazijazwi. Kilichoniuma ni kwamba watu tuliokula nao, tuliozika wazazi pamoja, hawakunitafuta. Wiki ya kwanza wawili walituma meseji. Baada ya hapo kimya. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba waliogopa, au walikuwa na aibu, au walidhani nitawaomba kitu. Mimi nilikuwa nataka mtu aniambie tu kwamba nilikuwa nafanya kazi vizuri.

Kwahiyo wewe mleta uzi umeandika aya ndefu kuhusu yule mwenzako, je umempigia?

Na kwa wale ambao mwaliko unaweza kuwakuta, msisaini siku hiyo hiyo. Ile karatasi mnayopewa mara nyingi inasema unapokea kiinua mgongo na wewe unaachia haki ya kuishtaki kampuni, na unapewa ukiwa umechanganyikiwa kabisa. Sheria zinatofautiana nchi na nchi ila nyingi zinakupa muda. Marekani kwa mfano mtu wa miaka 40 na kuendelea akipunguzwa kwenye kundi anatakiwa apewe siku 45 za kuifikiria hiyo karatasi, na hata akishasaini ana siku 7 za kubadili mawazo. Uingereza kampuni ikitaka kupunguza watu 100 au zaidi sehemu moja ndani ya siku 90 inatakiwa ianze mashauriano na wawakilishi wa wafanyakazi siku 45 kabla mtu wa kwanza hajatoka. Ulizeni mwanasheria wa kazi, hata saa moja tu. Na ulizeni kuhusu hisa za bonasi ambazo hazijakomaa, yani ulizoahidiwa ila tarehe ya kukabidhiwa haijafika, sehemu nyingi ukipunguzwa zinaendelea kukomaa kwa tarehe zake, ukiacha mwenyewe zinapotea. Mimi karibu niache kazi mwezi mmoja kabla kwa hasira, ningepoteza miaka mitatu ya bonasi.

Mleta uzi

Dada asante. Swali lako limenikuta. Sijampigia. Nilituma meseji siku ile jioni akajibu "asante", nikajiambia nitampigia wikiendi, ikapita, halafu kadiri muda ulivyoenda ikawa ngumu zaidi. Sina utetezi.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni meneja kwenye kampuni ya aina hiyo hiyo na nimeshatengeneza hiyo orodha. Nitasema ninachoweza.

Mnadhani sisi tunakaa tunachagua nani mbaya. Haiendi hivyo. Juu kinashuka kiwango cha gharama, sio majina. Unaambiwa kitengo chako kitoe asilimia fulani ya gharama za watu, una siku kumi, umesaini karatasi ya siri hata naibu wako haruhusiwi kujua. Unafungua Excel ina majina, mishahara, daraja, tathmini za miaka miwili. Hakuna safu inayosema huyu anajua faili la ile benki. Ukitoa vijana wawili hufikii kiwango, ukitoa mzoefu mmoja unafikia, kwahiyo mkono wenyewe unaelekea kwa mzoefu. Halafu orodha inapanda kwa wanasheria na HR (kitengo cha rasilimali watu), inarudi imebadilishwa majina mawili bila maelezo, kwa sababu wao wanaangalia isije ikaonekana mmelenga wazee au wajawazito au kundi fulani. Kwahiyo hata mimi ukiniuliza kwanini fulani, kuna majina ambayo kwa kweli sijui.

Ile sentensi ya "mambo ya siri ya wahusika" nimeisema mimi pia. Tunapewa karatasi ya cha kusema na tunaambiwa tusitoke nje yake hata neno. Nilijua wakati naisema kwamba naharibu kitu. Baada ya ile siku timu yangu iliacha kuniletea matatizo mapema, wanayaleta yakiwa yameshaiva, na sijawahi kuirudisha ile hali.

Kitu ninachojutia ni kwamba karatasi ilinikataza kuongelea sababu, haikunikataza kutaja majina na kuwashukuru. Wala haikunikataza kukaa na waliobaki wiki inayofuata na kuamua kazi gani tunaacha kufanya. Hilo la pili sikulifanya kwa sababu niliogopa kupeleka juu taarifa kwamba kuna ripoti hatutazitoa tena. Nikagawa kazi za watu wanne kwa watu tisa kimya kimya. Miezi mitano baadaye watatu bora kwenye hao tisa wakaacha.

Mchangiaji wa tatu

Na hilo la watu bora kuacha wala sio bahati mbaya ya mameneja wachache. Nilisoma haya mambo chuo. Watafiti wawili, Trevor na Nyberg, walitoa utafiti 2008 ukaonyesha kampuni zikipunguza watu, kiwango cha waliobaki kuacha wenyewe kinapanda, hata kama waliopunguzwa ni wachache. Na kuna profesa wa Columbia, Joel Brockner, amefuatilia wanaobaki tangu miaka ya 1980, anachosema ni kwamba waliobaki wanaangalia sana kama utaratibu ulikuwa wa haki na kama waliotoka walitendewa kiutu, maana wanajiona wao kwenye ile hali. Kwahiyo mleta uzi anachokisikia kina jina na kimefanyiwa kazi muda mrefu, hajachanganyikiwa.

Mchangiaji wa nne

Samahani mkuu ila mimi naona mnalalamika sana. Watu hawana kazi kabisa, wewe una mshahara, una bonasi, una bima. Shukuru ufanye kazi.

Mleta uzi

Mkuu nashukuru kweli, kila mwisho wa mwezi nashukuru. Ila naomba unielewe kitu. Ile shukrani ndo inatumika kutunyamazisha. Nilipomwambia bosi kwamba mkaguzi na muandaaji kwenye mfuko mmoja wamekuwa karibu mtu mmoja alinijibu kwamba nyakati hizi tushukuru tuna viti. Mimi nilikuwa naongelea pensheni za watu. Kuna mama mahali fulani amestaafu anaangalia thamani ya vipande vyake anaamua auze leo au kesho, na ile namba imetoka kwenye meza yetu saa mbili usiku ikiwa imekaguliwa na mtu ambaye hajala tangu asubuhi. Siwezi kushukuru juu ya hilo nikanyamaza.

Mchangiaji wa tano

Wakuu mimi nimemaliza chuo na nimepata ofa kwenye kampuni kama hiyo, ilipunguza watu mwaka jana. Mnanitisha. Niende nisiende?

Mleta uzi

Mdogo wangu nenda, ila nenda macho wazi, na kabla ya kusaini uliza maswali usione aibu.

Uliza hiyo nafasi ilikuwa ya nani na yuko wapi. Uliza timu ilikuwa na watu wangapi mwaka jana na sasa wangapi, halafu uliza ni kazi gani waliacha kufanya. Meneja akikutajia kazi mbili tatu zilizofutwa huyo alikaa chini akafikiria. Akisema "tumejifunza kufanya zaidi kwa kidogo" ujue wewe ndo hicho kidogo.

Kama kampuni iko kwenye soko la hisa soma taarifa yake ya robo mwaka, usikomee kwenye jumla ya pesa wanazosimamia maana hiyo inapanda soko likipanda hata kama wateja wanakimbia. Tafuta sehemu wanayosema pesa mpya za wateja zilizoingia ukitoa zilizotoka. Robo tatu nne mfululizo zikiwa zinatoka, awamu nyingine inakuja, haijalishi wamekuahidi nini kwenye intavyuu.

Soma kipengele cha bonasi na hisa zinazokomaa. Bonasi kwenye hizi kampuni ikiwa kubwa mara nyingi hulipwi yote kwa mkupuo, inagawanywa mafungu ya miaka mitatu hivi, na hapo ndo watu wanafungwa. Mimi mwenyewe sehemu ya sababu nimebaki ni hiyo, nisiwadanganye.

Ukishaingia, andika. Kila unachokifanya ambacho hakiko kwenye mwongozo kiandike sehemu ambayo mwenzako atakiona. Najua wengi watakwambia ukiandika umejifuta. Nimeishi upande wa pili wa hiyo akili, yule dada alikuwa anabeba mambo kichwani na haikumlinda hata dakika moja. Na ukiombwa kupitisha kitu ambacho hukukikagua, jibu kwa imeili, kwa adabu, sema wazi sijakikagua na nahitaji saa moja. Kwa maneno ya mdomo hutakuwa na kitu mkononi siku mambo yakiharibika, na kwenye fedha anayetafutwa kwanza ni jina lililobonyeza kitufe.

Vijana wanaingia kwenye hizi kampuni wanajifunza vitu ambavyo huwezi kuvipata sehemu nyingine, hilo nalisema kwa moyo wote. Mimi kila ninachokijua nimekijua pale, kingi kutoka kwa watu ambao sasa majina yao ni kijivu.

Mleta uzi (mrejesho)

Wakuu wiki tatu zimepita nimerudi kama nilivyoahidi kwa wale walionifuata inbox.

Baada ya kusoma alichoandika yule meneja niliwaomba wenzangu sita tukaandike kila kazi tunayoifanya kwa mwezi. Zilifika 61. Kumi na saba kati ya hizo hakuna aliyejua anayezipokea ni nani. Tulizipeleka kwa bosi zikiwa kwenye karatasi moja, hatukulalamika, tukasema tu tunaweza kufanya hizi kwa usahihi, hizi hatuwezi, chagua na usaini. Alikaa nayo siku nne. Akarudi amefuta tisa, na mifuko miwili ameihamishia timu nyingine ili ukaguzi uwe wa mtu tofauti kweli. Likizo za wiki mbili zimerudi kwenye kalenda, ya kwanza inaanza mwezi ujao. Sababu za kuchaguliwa watu bado hatujaambiwa na sidhani kama tutaambiwa. Ila kwenye kikao kile alisema, bila mtu kumuuliza, kwamba kazi ya kodi ya magawio ilikuwa inafanywa na fulani, akataja jina lake, na kwamba hatukujua uzito wake mpaka alipoondoka. Chumba kilinyamaza. Miezi saba hatukuwahi kulisikia lile jina likisemwa kwa sauti.

Jioni ile nikampigia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya kuomba samahani. Alipokea, akacheka kidogo aliposikia sauti yangu, na kabla sijaanza akauliza, "Hivi lile faili la kodi la mwisho wa mwezi mliligundua? Nilikaa na wasiwasi nalo sana."